Aliyetoka ICU: namna ya kumlisha na kumrudisha miguuni

Mgonjwa akikaa ICU siku kumi, hatoki na mapaja aliyoingia nayo. Mwaka 2013 watafiti wa London walichapisha vipimo vya msuli wa mbele ya paja vya wagonjwa mahututi, waliopimwa kwa ultrasaundi tangu walipolazwa. Kufikia siku ya kumi msuli ule ulikuwa umesinyaa kwa karibu asilimia 18, na wale ambao viungo vingi vilishindwa kwa pamoja, kama figo na mapafu, walipoteza zaidi. Mtu aliyeshinda na njaa tu, bila ugonjwa, hapungui kwa kasi hiyo.

Mwili unaopambana na maambukizi makali au jeraha kubwa hutafuta protini popote ilipo, na ghala yake kubwa ni misuli. Huivunja misuli ili kulisha kinga, ini na vidonda. Wakati huohuo mgonjwa amelala bila kutikisika, pengine amepewa dawa za usingizi, na msuli usiofanya kazi hupungua wenyewe hata kwa mtu mzima wa afya. Msuli wa kuvuta pumzi nao hudhoofu mashine inapoufanyia kazi yake siku nyingi. Ndiyo maana ndugu hufurahi kuona mashine imeondolewa, kisha wakashtuka kumwona baba mzima anashindwa kunyanyua kikombe cha chai.

Hospitali ikishamvusha, kazi inayobaki ni yako wewe unayemuuguza, na ina pande mbili zisizotenganishika: chakula chenye protini ya kutosha, na misuli kupewa kazi kila siku. Akila bila kusogea, atanenepa tumbo huku miguu ikibaki myembamba. Akisogezwa bila kula, mwili utaendelea kujilisha kwa msuli uleule unaojaribu kuuokoa. Nyumba nyingi hushika upande mmoja tu, mara nyingi ule wa chakula, na hata huo huushika kwa wanga na sukari.

Angali ICU

Swali la kwanza la ndugu langoni huwa: amekula? Ni swali zuri, lakini siku za mwanzo jibu lake lina masharti. Miongozo inayofuatwa na wataalamu wa Ulaya inataka mgonjwa asiyeweza kula aanze kulishwa kwa mpira ndani ya saa 48, tumbo likiwa linaruhusu na shinikizo la damu likiwa limetulia, kisha kiasi kipandishwe polepole hadi kufikia mahitaji yake baada ya siku kadhaa. Kumshindilia mapema hakumsaidii. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023 ulilinganisha wagonjwa mahututi waliopewa protini nyingi na waliopewa kiasi cha kawaida. Waliopewa nyingi hawakupona haraka zaidi, na wale ambao figo zao zilikuwa zimeumia walielekea kudhurika. Mwili unaowaka kwa ugonjwa hauwezi kujenga. Mlo mkubwa una wakati wake, nao ni baada ya moto kupungua.

Kwa hiyo ukiambiwa leo anapewa mililita chache tu, usigombane na muuguzi. Uliza maswali haya badala yake: chakula kimeanza lini, kinaongezwa lini, na kama kimesimamishwa, kimesimamishwa kwa sababu gani. Mara nyingi chakula husimamishwa kwa ajili ya kipimo au upasuaji halafu kurudishwa kukachelewa. Ndugu anayeuliza kwa adabu kila siku husaidia kisisahaulike.

Na usimpelekee kwa siri juisi, soda au glukosi ya unga. Mtu aliyekaa siku tano au zaidi bila kula, hasa aliyekonda au aliyekuwa mnywaji sana wa pombe, akipewa sukari nyingi ghafla anaweza kufa. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia baadhi ya wafungwa waliokombolewa wakiwa wamekondeana walifariki baada ya kushibishwa kwa mara moja. Sukari huamsha insulini, na insulini husukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu ziingie ndani ya seli. Damu ikibaki na madini hayo machache, moyo na pumzi hulegea. Hospitali huanza kidogo, hupima damu na hutoa vitamini B1 kabla. Polepole hiyo unayoiona ni sehemu ya tiba.

Uji wa mpirani

Katika hospitali zetu nyingi chakula cha mpira hupikwa nyumbani. Shida yake inajulikana kwa kila aliyewahi kuupika: uji mzito huziba mpira, na uji mwepesi ni maji yenye unga kidogo. Njia ya kuitatua ipo kwenye mila zetu wenyewe. Ni kimea, yaani nafaka iliyooteshwa. Miaka ya 1980 watafiti nchini Tanzania waliuchunguza uji wa kimea kwa ajili ya watoto wadogo, na kanuni yake inamfaa mgonjwa pia. Pika uji mzito, uache upoe hadi uweze kuuonja bila kuungua, koroga kijiko cha unga wa kimea cha ulezi, subiri dakika kumi. Utalegea na kuwa mwepesi ilhali unga wote umo ndani. Kisha uchemshe tena kidogo kabla ya kuchuja. Ongeza maziwa ya unga, yai lililochemshwa likaiva na kusagwa, au karanga zilizosagwa hadi zikawa laini kabisa, na kijiko cha mafuta. Saga kwa blenda, chuja mara mbili. Kabla ya yote, mwoneshe afisa lishe wa wodi ulichokusudia kupika, maana mwenye kisukari au figo mbovu ana mapishi yake.

Usafi hapa ni suala la uhai. Nawa mikono kwa sabuni, tumia maji yaliyochemshwa, pika cha mlo huo tu, na kilichokaa nje zaidi ya saa mbili kimwage, hata kama roho inauma kumwaga maziwa. Kabla ya kumimina, muuguzi ahakikishe mpira uko mahali pake na alama yake puani haijasogea. Kichwa kiinuliwe, mgongo uwe kwenye mwinuko wa nyuzi 30 hadi 45, na abaki hivyo walau nusu saa baada ya kulishwa. Mililita 200 hadi 300 zishuke taratibu kwa muda wa dakika 20 au 30, zikitanguliwa na kufuatiwa na mililita 30 za maji kwa bomba la sindano ili mpira usizibe. Akikohoa, akitapika au akihema vibaya, simama hapohapo na uite msaada. Dawa usizisage zote ovyo. Nyingine zimetengenezwa zitoke kidogo kidogo kutwa nzima, na zikisagwa humiminika mwilini kwa mara moja.

Maji yanapoenda kusiko

Mpira wa kupumulia ukiwa umekaa kooni siku kadhaa, misuli ya kumeza hudhoofu na koo hupoteza hisia. Watu wengi hudhani aanze na maji kwa kuwa ni laini. Kwa koo dhaifu maji ndiyo magumu kuliko vyote: hukimbia kabla koo halijajifunga, yakaingia kwenye njia ya hewa, na siku chache baadaye mgonjwa anarudishwa wodini na nimonia. Asipewe chochote mdomoni kabla mtaalamu au muuguzi hajamjaribu kumeza.

Akiruhusiwa, akae wima kabisa, kama anavyokaa mtu mezani, akiwa macho na mwenye utulivu. Kijiko cha chai, kidogo, ameze, umsubirie, kisha kingine. Uji mzito, mtindi, parachichi lililopondwa au mtori laini huanza vizuri kuliko chai. Sikiliza sauti yake baada ya kila vijiko vichache: ikiwa na mkoromo wa majimaji, au akikohoa, au macho yakitoa machozi, acha. Wapo wanaopaliwa bila kukohoa hata kidogo, kwa hiyo homa mpya au pumzi fupi baada ya kuanza kula ni sababu ya kumrudisha kwa daktari siku hiyohiyo. Msugue meno na ulimi asubuhi na jioni, hata kama hali chochote, kwa sababu uchafu wa mdomoni ndio unaosafiri kwenda mapafuni. Zima televisheni, usimchekeshe, usimwulize habari za shamba akiwa na tonge mdomoni.

Jikoni

Sasa yuko nyumbani, anameza, na nyumba imejaa wageni walioleta matunda na juisi. Juisi ya bitiruti na ya rosela si mbaya, lakini hazijengi paja. Supu nayo tunaitegemea mno: kuku huchemshwa, mgonjwa hupewa maji ya supu, minofu huliwa na watoto. Sehemu kubwa ya protini imebaki kwenye minofu. Mpe minofu, ikishindikana kutafunwa ichambue, iponde kinuni au isage, uirudishe humohumo kwenye supu.

Kiasi kinachotumika sana kwa mtu anayejijenga upya ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 72 hadi 90. Kikombe cha uji mweupe wa mahindi kina gramu mbili au tatu. Vikombe vitatu vyake havifikii mayai mawili, ambayo hutoa kama gramu 12.

Kiasi hicho kinawezekana katika jiko la kawaida. Asubuhi mayai mawili na uji uliopikwa kwa maziwa, kikombe kimoja cha maziwa ndani yake, hizo ni gramu 20. Saa nne, mtindi kikombe na karanga za kukaanga zinazojaa kiganja, au karanga zilizosagwa kama hawezi kutafuna, gramu 15. Mchana ugali mdogo au wali, na kipande cha samaki ukubwa wa kiganja chake, gramu 22 hivi. Alasiri uji tena, safari hii ukikorogewa vijiko viwili vya dagaa waliokaangwa bila mafuta na kutwangwa wakawa unga, gramu 6. Jioni mtori wenye nyama ya kuonekana, si ya kusimuliwa, gramu 15. Kabla ya kulala kikombe cha maziwa, gramu 8. Jumla ni 86, bila kuhesabu kidogo kinachotoka kwenye nafaka.

Pasipo nyama, dagaa ndio mkombozi. Wakiwa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na wanauzwa kwa kikombe. Harufu ikimkera, waoshe kwa maji moto, wakaushe, wakaange, na uanze na nusu kijiko kwenye mchuzi wa karanga au mboga za majani. Maharage, kunde na choroko pia ni nzuri, ila hujaza tumbo upesi kwa mtu mwenye tumbo dogo, hivyo ziponde na kuzichuja maganda. Soya isipokaangwa au kuchemshwa vizuri huzuia protini isimeng'enywe, kwa hiyo unga wa lishe wa mchanganyiko wa vitu kumi usiojua umetengenezwaje si bora kuliko wa vitu vitatu uliouandaa mwenyewe. Karanga zichague moja moja. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupe, maana sumukuvu haiondoki yote kwa kukaangwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara.

Hamu ya kula haitakuwepo. Mdomo unakuwa mchungu, nyama ina ladha ya chuma, na sahani iliyojaa humkatisha tamaa kabla hajaigusa. Mpe kidogo mara sita, kwenye sahani ndogo, na mlo mzito uwe asubuhi anapokuwa na nguvu. Ndimu, tangawizi na chumvi kidogo huamsha ulimi. Parachichi, tui la nazi au samli huongeza nguvu bila kuongeza ukubwa wa mlo. Maji na chai anywe baada ya kula, visije vikamshibisha mapema. Dawa za kuongeza hamu zinazouzwa dukani nyingine husinzisha, na mtu dhaifu anayesinzia huanguka. Akiwa anatumia dawa za jamii ya steroidi, au ana kisukari, sukari kwenye uji ipunguzwe na damu ipimwe. Mwenye ugonjwa wa figo au ini aulize kiasi chake cha protini kabla. Usipunguze wala kuongeza kwa kubahatisha. Ramadhani ikimkuta katika hali hii, ruhusa ya mgonjwa kutofunga ipo, na aitumie bila aibu. Mfungo wa maombi vivyo hivyo: wenye afya ndio wamfungie yeye.

Miguuni

Hapa ndipo upendo wetu unapomdhuru. Akijaribu kuinuka, watu watatu wanamrukia: pumzika, baba, tutakuletea. Anavalishwa, analishwa, anabebwa kwenda kuoga. Kila kazi anayonyang'anywa ni zoezi alilokosa. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa wagonjwa 104 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Walioanza mazoezi mapema, wakizinduliwa kwa muda kutoka kwenye dawa za usingizi na kusaidiwa kukaa, kusimama na kujihudumia, asilimia 59 walitoka hospitali wakijitegemea. Wa kundi jingine walikuwa asilimia 35. Lakini mwaka 2022 utafiti mkubwa wa nchi kadhaa ulionyesha kwamba kuzidisha mazoezi kwa nguvu wakati mtu bado mahututi hakuongezi faida na kunaleta matatizo ya moyo na pumzi. Mapema ndiyo, kwa pupa hapana, na ratiba ya ICU aipange mtaalamu wa fiziotherapia.

Akiwa bado kitandani, omba ufundishwe kumkunja na kumnyoosha vidole, viwiko, magoti na hasa vifundo vya miguu, kwa sababu unyayo ulioachwa ukaning'inia hukakamaa na baadaye hashiki ardhi. Ageuzwe kila baada ya saa mbili. Kidonda cha kulalia hunyonya protini uliyohangaika kuipika, na huchukua miezi kupona.

Nyumbani anza na kukaa. Milo yote aile kwenye kiti, miguu ikigusa sakafu, hata kama mwanzoni ni dakika kumi. Akitoka kulala akae kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili, kizunguzungu kikiisha ndipo asimame, na wewe uwe upande wake dhaifu ukimshika kiunoni, si kumvuta mkono. Kisha zoezi ambalo ningelichagua kama ningeruhusiwa moja tu: kuketi na kuinuka kwenye kiti. Weka kiti imara chenye mgongo ukutani, pandisha kikao kwa mto mgumu au blanketi lililokunjwa, ainuke mara tatu akitumia mikono, apumzike, arudie asubuhi, mchana na jioni. Akiweza tano bila kuhema sana, punguza mto. Baadaye apunguze mikono. Misuli inayofanya kazi hapo ni ileile ya paja iliyopimwa London, na ndiyo atakayohitaji kupanda daladala na ngazi za ofisini. Ni vizuri maziwa au mayai yake yamfikie muda mfupi baada ya mazoezi.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani mkubwa, na nyumba chache huufikiria mapema. Mapaja yaliyosinyaa hayawezi kumshusha wala kumwinua, na wengi huanguka huko, mlango ukiwa umefungwa. Fundi seremala atoboe kiti cha mbao katikati, kiwekwe juu ya tundu, na nguzo au mti wa kushikia upigiliwe ukutani. Mlango usifungwe kwa ndani. Godoro lililo chini juu ya mkeka pia linyanyuliwe.

Kutembea kuanze ndani, kitanda hadi sebuleni, kisha uani, kisha hadi kwa jirani na kurudi. Kipimo ni mazungumzo: awe anaweza kusema sentensi nzima akitembea. Asipoweza, apumzike. Siku atakayojisikia vizuri atataka kufanya ya wiki nzima, halafu alale siku tatu. Mpunguzie siku hiyo. Akipata maumivu ya kifua, midomo kubadilika rangi, kizunguzungu kisichoisha au kuhema kusikotulia baada ya kupumzika dakika chache, zoezi limekwisha na daktari ahusishwe.

Itachukua muda mrefu kuliko majirani watakavyosema. Watafiti wa Toronto walifuatilia watu 109, wengi wao wa makamo, walionusurika baada ya mapafu kushindwa. Mwaka mmoja baada ya kutoka ICU, umbali waliotembea kwa dakika sita ulikuwa theluthi mbili tu ya uliotarajiwa kwa watu wa rika lao, ingawa mapafu ya wengi yalikuwa yamekaribia hali ya kawaida. Misuli ndiyo iliyokuwa bado. Ukijua hivyo hutamwita mvivu mwezi wa nne. Vilevile wengi hutoka ICU na ndoto za kutisha, usahaulifu na huzuni, na mwenye huzuni hali. Hilo nalo lielezwe kliniki.

Mpime uzito mara moja kwa wiki, mizani ileile, asubuhi, na uandike kwenye daftari. Wiki za kwanza unaweza kushuka kwa kuwa maji ya dripu yanatoka mwilini, usishtuke. Ukipanda kilo mbili au zaidi kwa siku chache huku miguu ikivimba, hayo ni maji tena, na anahitaji kuonwa upesi. Ukiendelea kushuka baada ya wiki ya tatu, chakula hakitoshi au ugonjwa haujaisha. Andika pia ameinuka kitini mara ngapi na amekula nini. Siku ya kliniki beba daftari hilo pamoja na dawa zote, hata za mitishamba, na uulize mambo matatu: kipimo cha figo na sukari kikoje, dawa ipi inaweza kuachwa, na ni lini ataonana na fiziotherapia. Kama hakuna aliyemwandikia rufaa ya fiziotherapia, usiondoke bila kuiomba.